Kutia chumvi, kupiga chuku, kupaka rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini kuna maneno mengi hivi? Si yote maana yake ni kudanganya tu?

Hapana. Mwongo anakuuzia kisichokuwepo. Anayepamba anaanza na kitu kilichopo, tena mara nyingi kitu kisicho kibaya, kisha anakisogeza mbele hatua mbili tatu. Ndiyo maana ni taabu kumkamata: ukimbana atakuonyesha ile sehemu iliyo kweli.

Kabla hujachagua neno, tazama kilichoguswa ni nini. Ukuta uliopakwa rangi ili ufa usionekane umeguswa wenyewe. Tangazo linalosema nyumba hiyo ni "imara na tulivu" limegusa habari za nyumba, nyumba yenyewe haijaguswa. Na mnunuzi anayeambiwa "mtu mwenye jicho kama lako haachi nyumba hii" ameguswa yeye. Kitu, habari, mtu. Maneno mengi ya ukurasa huu yana makazi yake katika mojawapo ya hayo matatu, na ukiyahamisha sentensi inapwaya.

Kutia chumvi na kupiga chuku vina tofauti gani?

Kamusi nyingi huyaweka pamoja, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna atakayekulaumu ukiyachanganya. Lakini masikio ya wengi yanasikia kipimo tofauti. Anayetia chumvi, au anayeongeza chumvi, ana habari ya kweli mkononi: walikuja watu arobaini, yeye anasema mia. Anayepiga chuku hajali tena kama utaamini. Anasema watu walikuwa wengi hata ardhi ikatitia. Chumvi inataka kuaminiwa; chuku inataka kukustaajabisha au kukuchekesha.

Kwa sababu hiyo chuku imepata heshima ambayo chumvi haina. Darasani inaitwa pia mubalagha au udamisi, na ni tamathali ya usemi kama sitiari na tashbihi. Mshairi akisema machozi ya mpenzi wake yamejaza bahari, hakuna anayemdai ushahidi. Muuza dawa akisema chupa moja inamaliza maradhi yote, hiyo si tamathali hata kidogo, maana yeye anataka uamini na utoe pesa.

Je, "kupamba" ni neno baya?

Peke yake, la. Bibi harusi hupambwa, ukumbi hupambwa, sauti ya msomaji hupambwa. Neno linageuka pale linapopewa kitenzi cha kusema au nomino ya habari: kupamba taarifa, kupamba ripoti, maneno ya kupambapamba. Hapo msikilizaji anajua kuna kilichofichwa chini ya pambo.

Kuremba, kunakshi na kutia nakshi vinafuata njia hiyohiyo, ila nakshi inabaki na sifa ya ufundi. Ukisema "kaitia hadithi nakshi" unaweza kuwa unamsifu msimuliaji. Ukisema "kairemba" unacheka kidogo. Kujipodoa ni kwa uso, lakini waandishi wa habari hupenda kusema hesabu "zimepodolewa", na mimi naona neno limekaa vizuri, kwa sababu poda haibadilishi sura iliyo chini yake.

Neno gani linafaa kitu chenyewe kinapofanyiwa ujanja?

Inategemea ujanja. Ukifunika kasoro kwa kitu kipya juu yake, umepaka rangi au umepaka chokaa. La pili lina uzito wa Biblia: katika Mathayo 23:27 wanafiki wanafananishwa na makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje, ndani mifupa. Msomaji anayeijua aya hiyo atasikia lawama ya unafiki, si ya uchafu tu, kwa hiyo usilitumie kwa gari lililopigwa rangi kabla ya kuuzwa.

Ukichanganya kilicho bora na kilicho duni ili ujazo uongezeke, umechakachua. Neno hili lilivuma sana Tanzania kwa mafuta ya magari yaliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha likahamia kwenye kura, matokeo ya mitihani na hata mapenzi. Ukitengeneza hati ambayo haikuwahi kutolewa, umeghushi, na hapo tumeshatoka kwenye kupamba tumeingia kwenye jinai.

Ukionyesha kitu ambacho hakina kitu ndani, una maneno ya kutosha: kiinimacho, danganya toto, geresha, usanii. Hayalingani. Kiinimacho kinahitaji ustadi, ni kazi ya mwanamazingaombwe. Danganya toto ni cha kutuliza tu, mtu anapewa kitu kidogo ili anyamaze. Geresha ni ya haraka na haina aibu. Usanii, kwa maana hii ya mitaani, ni mpango mrefu: wasanii hawa wana ofisi, mihuri na suti. Na aliyetendewa hayo yote anasema jambo moja, kwamba amepigwa changa la macho.

Na kwa mtu anayesifiwa asivyostahili?

Amevikwa kilemba cha ukoka. Kilemba ni heshima, ukoka ni nyasi za chini, picha inajieleza. Watu wengi husahau kwamba msemo huu unamlenga aliyesifiwa kwa kumhurumia kidogo. Anatembea kifua mbele, na jua likipanda ukoka unanyauka kichwani.

Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni jirani yake, lakini lawama iko kwa mpakaji. Anakupapasa kwa maneno laini huku mafuta yenyewe yamebaki ndani ya chupa. Kurairai kuna haja mbele yake: anayekurairai anataka kitu. Kujipendekeza na kujikomba ni mwenendo, vinaweza kudumu miaka kazini bila ombi lolote kutajwa.

Tazama pia kusifu na kusifia. Kisarufi la pili ni kauli ya kutendea tu, lakini katika mazungumzo "anamsifia" mara nyingi linasemwa kwa kubinua mdomo, ilhali "anamsifu" limetulia. Ukiandika wasifu wa marehemu, tumia la kwanza.

Mtu akijipamba mwenyewe?

Anajigamba, anajitapa, anajinaki, anajikweza, anajishaua. Vijana wa Tanzania wataongeza kujimwambafai. Kujitapa na kujinaki ni kwa mdomo. Kujikweza ni kwa cheo, mtu anajipandisha ngazi ambayo hajapewa. Kujishaua kunaonekana kwenye mwendo na mavazi kabla mdomo haujafunguka.

Lakini majigambo ni utanzu halali wa fasihi simulizi. Katika vivugo shujaa hujitungia sifa na kuzitongoa mbele ya watu, akieleza alivyowashinda maadui kumi kwa mkono mmoja, na chuku ndiyo roho ya shughuli hiyo. Hakuna anayekasirika, kwa kuwa hadhira nzima imeingia ikijua kanuni za mchezo. Shida ya barua za kuomba kazi ni kwamba mwombaji anatunga kivugo na mwajiri anasoma ushahidi.

Kumsafisha mtu ni nini hasa?

Ni kurudisha jina zuri la aliyechafuka. Neno halisemi kama alichafuka kwa haki au kwa kusingiziwa, kwa hiyo wafuasi wake na wapinzani wake hulitumia vilevile, kila upande kwa maana yake. Akijifanyia mwenyewe, tunasema anajisafisha au anajikosha. La pili lina dharau ndani yake: anayejikosha ametupa lawama kwa mwingine.

Tasfida nayo ni kupamba?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na linastahili jibu refu.

Tasfida ni kutumia neno laini badala ya neno kali. Kusema mtu ameaga dunia, mama amejifungua, mgonjwa amekwenda haja: hakuna anayedanganyika hapo. Kila mtu anajua kilichotokea, ila msemaji amemstahi msikilizaji. Hii ni adabu, na Kiswahili bila adabu hii kingekuwa kikavu mno.

Tasfida inakuwa pambo siku inapomstahi msemaji badala ya msikilizaji. Chukua changamoto. Kwa maana yake njema ni jambo linalomsukuma mtu ajipime na ajitahidi zaidi. Leo bomba likipasuka ni changamoto, mshahara usipolipwa ni changamoto, paa la shule likiezuliwa ni changamoto. Tatizo, shida, kosa, uzembe, hasara na wizi vyote vimeingia ndani ya neno moja lenye tabasamu. Na faida yake kwa kiongozi ni kubwa: anayetaja kosa ataulizwa nani kakosa, anayetaja changamoto anapewa pole na kuombewa nguvu.

Maboresho ni ndugu yake. "Huduma hazipatikani kutokana na maboresho ya mfumo" inaweza kuwa kweli kabisa. Inaweza pia kumaanisha kwamba mfumo umekufa na mafundi wanakuna vichwa. Marekebisho ya bei nayo: kwa maana ya neno, bei inaweza kurekebishwa kwenda juu au chini. Bei ikishuka, hata hivyo, muuzaji huandika "tumeshusha bei" kwa herufi kubwa. Marekebisho huhifadhiwa kwa kupanda. Vivyo hivyo mtu aliyefukuzwa "amepumzishwa", na mradi ambao haujaanza "uko kwenye mchakato".

Ukitaka kupima, rudisha neno la zamani mahali pake usome tena. Kama aliyelindwa na neno laini ni mfiwa, mgonjwa au mtoto, iache tasfida. Kama aliyelindwa ni yule aliyesababisha jambo, ulipambiwa.

Ujanja huu hata hivyo si wa leo. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alipofundisha balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, karne ya nne kabla ya Kristo, alieleza kwamba anayetaka kumsifu mtu huchukua kasoro na kuiita kwa jina la wema ulio karibu nayo: mwenye kukurupuka anaitwa shujaa, mfujaji anaitwa mkarimu. Fungua hotuba yoyote ya kumuaga mkuu wa idara. Aliyekuwa mkali kwa kila mtu atatajwa kuwa "mpenda nidhamu", na aliyeshindwa kuamua chochote atakuwa "msikivu".

Ni maneno gani ya kuangaliwa katika matangazo?

Watu huogopa maneno makubwa: kabambe, ya kipekee, ya kisasa, namba moja, viwango vya kimataifa. Hayo hayana madhara makubwa, maana hayadai kitu kinachopimika. (Viwango vya kimataifa vya nini, na ni vipi? Muulize muuzaji utaona.) Mimi naogopa maneno madogo.

"Hadi" ndilo la kwanza. Punguzo la "hadi asilimia 50" limetimia ikiwa bidhaa moja dukani imepunguzwa nusu na nyingine zote zimepunguzwa kidogo sana. "Kuanzia" ni pacha wake upande wa pili: bei kuanzia kiasi fulani ni bei ya kile ambacho hukukusudia kununua. "Husaidia" ni la tatu. Dawa inayosaidia kupunguza madoa haijaahidi kuyaondoa, wala haijasema inasaidia kwa kiasi gani. "Kama" ni la nne na ndilo jeuri kuliko yote: "kama mpya" maana yake si mpya, lakini jicho linasoma neno la pili.

Kisha kuna maneno ambayo ni kweli na bado yanapotosha. Maji "yasiyo na kolesteroli" ni kweli, kwa kuwa hakuna maji yenye kolesteroli. "Asilia" nalo ni la kweli mara nyingi, lakini sumu ya nyoka pia ni asilia. Hapa hakuna chumvi iliyoongezwa hata chembe; kilichofanyika ni kuuonyesha upande mmoja na kuuzima mwingine.

Na takwimu?

Tunasema takwimu zimepikwa, na wapishi ni wa aina mbili. Wa kwanza anabuni tarakimu, na huyo ni mwongo wa kawaida. Wa pili anachagua. Wateja wakitoka wawili wakawa wanne, ataandika "ongezeko la asilimia 100" na hatataja wawili. Mwaka mmoja ukiwa mbaya kupita kawaida, atauanzia huo ili mstari wa grafu upande. Ukiona asilimia, uliza ni asilimia ya ngapi. Ukiona ongezeko, uliza tangu lini, na kwa nini tangu hapo.

Sheria inamruhusu muuzaji kutia chumvi kiasi gani?

Kwa kawaida mahakama hutofautisha sifa za jumla na ahadi inayopimika. "Kahawa tamu kuliko zote duniani" ni sifa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeichukua kuwa mkataba. Mpaka huo ulichorwa vizuri katika kesi moja ya Uingereza ambayo wanafunzi wa sheria katika nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza huikuta mapema sana masomoni.

Mwaka 1891, wakati homa ya mafua ikisumbua, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza gazetini kwamba italipa pauni 100 kwa yeyote atakayetumia kifaa chake mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kwa kufuata maelekezo, kisha akapata mafua. Kifaa kilikuwa mpira wa raba wenye unga wa dawa, ukiubonyeza unavuta mvuke wake puani. Ili waaminike, walisema wameweka pauni 1,000 benki kuonyesha nia yao. Louisa Carlill alikitumia kama alivyoelekezwa, akaugua mafua Januari 1892, akadai pesa yake. Kampuni ikajitetea kwamba tangazo lilikuwa maneno ya biashara tu, ya kuvutia wateja, ambayo hayapaswi kuchukuliwa kwa uzito. Mahakama ya Rufani ilikataa utetezi huo Desemba 1892, na zile pauni 1,000 zilikuwa sehemu ya sababu: huwezi kusema unatania huku umetangaza kwamba umeweka fedha benki kuthibitisha kuwa hutanii.

Kampuni ingesema tu kwamba mpira wake ni "kinga bora kabisa", pengine isingelipa hata senti. Ilinaswa na tarakimu zake.

Kujipaka kijani ni nini?

Ni kampuni au taasisi kujionyesha inatunza mazingira kuliko inavyotunza kweli, kile ambacho Kiingereza hukiita greenwashing. Dhana hii hupewa asili yake mwaka 1986, Mmarekani Jay Westerveld alipokosoa hoteli zilizowaomba wageni watumie taulo zao zaidi ya mara moja ili kuokoa mazingira. Hoja yake ilikuwa kwamba kilichookolewa ni gharama za kufua, na mengine yote hotelini yaliendelea kama kawaida. Kiswahili bado hakijakubaliana neno moja. Wapo wanaosema "usafi wa kijani wa uongo", lakini ni kirefu na kinachosha. "Kujipaka kijani" kinatosha, na kinakaa vizuri karibu na kupaka rangi.

Nimesikia "vijiji vya Potemkin". Vinahusikaje?

Mwaka 1787 malkia Catherine wa Pili wa Urusi alisafiri kwenda Krimu, nchi iliyokuwa imetwaliwa miaka michache kabla. Inasimuliwa kwamba Grigory Potemkin, aliyesimamia eneo hilo, alisimamisha vijiji vya mbao zilizochorwa kandokando ya mto ili malkia apite akiona ustawi. Wanahistoria wengi wanaona hadithi hiyo imekuzwa mno: miji mipya ilikuwepo kweli, na kilichofanyika kilikuwa hasa kusafisha na kupamba njia ya mgeni mkubwa. Kwa hiyo mfano maarufu wa kupamba nao umepigwa chuku.

Kuna methali gani?

Iliyo sahihi kuliko zote ni "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Mkakasi ni kikasha kilichotiwa nakshi, na methali inakwambia ukifungua utakutana na mti tu. "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani" inasema hilohilo kwa sauti ya upole, kama ushauri wa mzee kwa anayetafuta mchumba. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ni ya sokoni, na wauzaji huichukia kwa haki kabisa, kwa sababu vizuri vingi hufia stoo kwa kukosa wa kuvipigia debe. Kupigia debe, tukiwa hapo, si lazima kuwe na chumvi. Kunahitaji kelele tu.

Kinyume cha haya yote ni kipi?

Kudunisha, kubeza, kupaka matope. Wanunuzi wana yao: anayetaka bei ishuke huponda kitu anachokitamani.

Ninaandika barua rasmi ya malalamiko. Nitumie neno lipi?

Usitumie nahau yoyote kati ya hizi. "Mlinipiga changa la macho" litakutuliza wewe, na halitamlazimu mtu yeyote kujibu. Andika "maelezo yasiyo sahihi" kama walichosema si kweli, na "maelezo ya kupotosha" kama ni kweli iliyokatwa nusu. Kisha nakili maneno yao kama yalivyo, pamoja na tarehe, na chini yake andika ulichokikuta: "Tangazo lilisema chumba kina dirisha linalotazama bustani. Chumba nilichopewa kina dirisha linalotazama ukuta ulio umbali wa mita moja."